Jibu: Dodoso linasema wote wanasali jumuiya, daftari linakataa

Habari mkuu. Nimekuelewa: kwenye dodoso lako karibu kila muumini amejibu anasali jumuiya (kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja) kila wiki, ila daftari la mahudhurio lina wachache, na hujui uamini kipi.

Angalia kwanza aliyekuwa anauliza. Kama ni katibu wa jumuiya au katekista, majibu hayo yaweke pembeni. Huyo huyo ndiye anayehusika na barua ya kubatiza mtoto au kufunga ndoa. Nani atamwambia usoni kwamba haji? Rudia na watu 30 hivi, aulize mtu asiyejulikana pale.

Swali nalo libadilishe. Badala ya "Unahudhuria jumuiya?", taja muda wenyewe wa jumuiya, mfano "Jumamosi iliyopita, saa 12 hadi saa 2 asubuhi, ulikuwa unafanya nini?" Marekani, mwaka 1993, watafiti Hadaway, Marler na Chaves walilinganisha idadi ya waliohesabiwa makanisani na kura za maoni, wakakuta wanaohudhuria kweli ni karibu nusu ya wanaodai, Wakatoliki wakiwemo.

Ila daftari pia usiliamini haraka. Mara nyingi huandikwa kwa kaya: mama akija na watoto watatu, tiki ni moja, tena mbele ya jina la baba ambaye hakuwepo. Mwingine anawekewa tiki kwa kuwa ametuma mchango. Hesabu vichwa mwenyewe wiki 4 mfululizo, dakika 20 baada ya sala kuanza (wachelewaji ni wengi), ukitenga wanaume, wanawake na watoto. Kwaresima iruke, watu huongezeka.