Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujanunua Televisheni

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Swali lako nimelipata: ikitolewa tena amri ya kukaa ndani kama ile ya korona ya 2020, wewe na mkeo mtawashughulisha vipi watoto watatu, wa miaka 10, 7 na 2, katika vyumba viwili ghorofa ya tatu huko Nairobi? Tena umeuliza kama uanze sasa kuweka pesa za televisheni kubwa na intaneti ya kulipia kila mwezi.

Usinunue kwanza. Nyumba iliyofungiwa haichoshwi na uhaba wa vitu vya kutazama. Huchoshwa na siku isiyo na mipaka: asubuhi haina tofauti na jioni, kila mtu anasikia kelele za kila mtu, na watoto wanakula, wanasoma na kugombana juu ya mkeka mmoja. Televisheni inayowaka toka alfajiri haiweki mpaka wowote. Nyumba hiyo inataka saa moja ya jioni inayongojewa na wote, na mchezo ambao mtoto hataumaliza kwa wiki moja.

Pima kwa urefu wa jambo lenyewe. Shule zilifungwa katikati ya Machi 2020. Gredi ya 4, darasa la nane na kidato cha nne walirudi 12 Oktoba, na waliobaki wakangoja hadi 4 Januari 2021. Kafyu ilianza 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo hata mzazi aliyekuwa akitoka kazini alikuwa ndani kabla ya giza kuingia. Mtoto wa darasa la pili alikaa nyumbani miezi tisa na zaidi. Hakuna kikapu cha vitu vya kuchezea kitakachofika huko. Mchezo wenye kina hufika, ndiyo maana nakwambia anza na bao.

Bao la mbao si lazima. Trei moja ya mayai ya karatasi ina nafasi 30, mistari mitano ya nafasi sita sita. Bao linataka mashimo 32, mistari minne ya manane manane. Basi chukua trei mbili, kata kwenye kila moja kipande cha nne kwa nne, kisha viunganishe ubavu kwa ubavu. Mabaki yatakupa mahali pa kuwekea kete za akiba. Omba muuza mayai akupe trei mpya. Yenye madoa ya kinyesi cha kuku iache dukani, maana mikono ya watoto itakuwa humo kila siku.

Gundisha vipande vyote viwili juu ya kadibodi nene, ama sivyo bao litateleza kila mtu akitia mkono. Gundi utaipika: vijiko vikubwa vitatu vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha maji. Vuruga unga kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka madonge yaishe, ndipo uongeze maji yaliyobaki na kupika kwa moto mdogo ukikoroga, hadi iwe kama uji mzito. Ikiwa nyepesi, trei hunywa maji, hulegea na mashimo hubonyea. Acha bao likauke mchana kutwa kabla ya kuchezea. Na usilihifadhi chini ya sinki, kwani mende wanaipenda gundi ya unga.

Kete ni 64. Huku pwani tunatumia komwe, zile mbegu za mkomwe, kwa sababu ni ngumu, ni laini mkononi, na zinalingana ukubwa. Vifungo vya nguo vinafaa pia. Maharagwe nayaogopa kwa ajili ya yule wa miaka miwili: mtoto wa umri huo hutia kitu puani au sikioni, na haragwe likipata unyevu huvimba, kulitoa kukawa shida. Hata komwe inaweza kumkaba. Bao litoke akishalala, na kabla ya kulifunga mtoto mkubwa ahesabu kete moja moja akizitia mkebeni. Zikiwa 63, hakuna anayelala mpaka ya 64 ionekane.

Waanzishe na bao la kujifunza, usikimbilie bao la Kiswahili lenyewe. Tia kete mbili katika kila shimo. Kila mchezaji ana mistari miwili iliyo upande wake, wa mbele na wa nyuma, na kete zake huzunguka humo tu. Akifika zamu, huchukua kete zote za shimo lake moja lenye mbili au zaidi, huchagua kuelekea kulia au kushoto, na kupanda moja moja. Kete ya mwisho ndiyo inayoamua. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete ndani, na shimo la mpinzani linalolikabili pia lina kete, amekula. Zile alizokula huzipanda upande wake kuanzia kichwa, yaani shimo la pembeni kabisa la mstari wa mbele, kwa namna itakayoendeleza mwelekeo aliokuwa nao. Isipokuwa zikitoka kwenye kichwa au kimbi, yaani shimo linalofuata kichwa, hapo lazima aanzie kichwa cha ncha hiyo hiyo, hata kama mwelekeo utageuka. Kete ya mwisho ikiangukia penye kete bila kula, anazichukua zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, imelala, zamu imekwisha.

Mwenye kula kwa kupanda kwake kwa kwanza ni lazima ale. Asiye na pa kula hutakata, yaani hupanda tu, na katika zamu hiyo hata akipita penye kula hali. Unamshinda mwenzako ukimmaliza kete zote za mstari wa mbele, au akibaki hana shimo lenye kete mbili.

Wa miaka 7 mwache siku tatu nne apande tu bila sheria ya kula, mpaka mkono uzoee. Makosa yatakuja mahali pawili. La kwanza, mtoto akiwa na haraka huangusha kete mbili katika shimo moja, kisha wanagombana nani kaibiwa. Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti kila kete inapoanguka. La pili, zamu ikiwa ndefu anasahau alikuwa akielekea wapi. Mwekee kijiti kando ya bao akigeuze kabla hajaanza kupanda. Na wewe mtu mzima usimwachie ushindi makusudi, atajua. Mpe nafasi ya kuanza na umruhusu kurudisha zamu moja katika kila mchezo, inatosha.

Yule wa miaka 10 baada ya mwezi mmoja atakuwa anakufunga. Hapo ndipo umwonyeshe bao la Kiswahili: kila mmoja anaanza na kete 10 tu baoni, sita katika nyumba, lile shimo maalumu la mstari wa mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani mwake, na 22 zikiwa mkononi, za kunamua, yaani kuziingiza baoni, moja moja kila zamu. Kuitunza nyumba au kuivunja ni somo la miezi, na miezi ndiyo tunayoitafutia kazi.

Jumamosi badilisha, mfanye mchezo wa vivuli. Funga shuka nyeupe mlangoni baina ya vyumba viwili na uivute iwambike, kwa sababu kila kunyanzi huukata mkono wa mnyama. Sanamu zikatwe kwenye katoni ngumu ya sabuni au biskuti, mfuko wa unga hujikunja. Zibandike kwenye vijiti vya mishikaki baada ya kuvunja ncha zenye makali. Tochi ya simu iwe mita moja na nusu hadi mbili nyuma ya shuka, sanamu iguse shuka au iwe karibu nalo kiasi cha upana wa kiganja. Ukitaka jitu likue, lirudishe nyuma kuelekea kwenye mwanga. Litakua, lakini kingo zitafifia. Mwanga uwe mmoja tu, ukiwa miwili kila mnyama atakuwa na vivuli viwili. Mshumaa na koroboi marufuku kabisa karibu na shuka, hata kama stima imepotea. Hadithi watunge watoto wenyewe. Wiki nzima itapita katika kukata na kugombania nani awe fisi, na huo ndio uhondo wake, onyesho lenyewe ni dakika kumi.

Sasa habari ya video, maana najua hamtaikwepa. Video ya ubora wa kati inayokwenda megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Watoto hawa hurudia katuni ile ile. Wakiitazama mara tano mtandaoni umelipia zaidi ya gigabaiti mbili. Ukiipakua mara moja kutoka mahali panaporuhusu, umelipia ile 450 tu. Ukiihamishia kwenye flashi ujue kwamba flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti nne, na huenda ikakwambia imejaa ingawa ina nafasi tele. Sauti peke yake ni nafuu zaidi: kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa nzima haifiki megabaiti 60. Redio ya betri haili bando kamwe. Mwaka 2020 masomo ya KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, yalipitia redio za KBC pamoja na televisheni, kwa hiyo mtoto mwenye redio na daftari naye alipata kusoma. Basi hiyo televisheni ndogo mliyo nayo inatosha. Filamu moja kwa wiki, Ijumaa baada ya chakula, taa mzime, simu zote ziwekwe juu ya kabati, ya kwako ikiwa ya kwanza.

Kuhusu miili yao: mtoto asiyechoka halali, na asiyelala hula saa zenu. Lakini chini yenu wanakaa watu, nao wamefungiwa vilevile. Shuka ghorofa ya chini ukiwa na barakoa, simama mlangoni, uulize ni saa ngapi kelele hazitawaudhi, kisha ushike saa hizo hizo. Kamba na kuruka iwe wakati huo. Nyakati nyingine mpira uwe wa soksi, na wacheze mchezo wa kati wakiwa wamepiga magoti, hivyo hakuna anayekimbia na hakuna kioo kitakachovunjika. Ile paa ya kuanikia nguo inafaa asubuhi mapema pakiwa hapana watu, ila usimwache mtoto huko peke yake hata dakika, ukuta wa pembeni mara nyingi ni mfupi kuliko unavyodhani. Wakirudi wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitu, kwa kuwa kishikizo cha ngazi kinashikwa na jengo zima.

Mkeo mpe saa yake. Hili sikuulizwa lakini nalisema. Kila mtu mzima apate saa moja kwa siku ambayo haitwi, haulizwi kitu kiko wapi, wala hapikiwi maneno kwamba amejifungia. Akiwa nayo yeye, wewe uko na watoto wote watatu, yule mdogo akiwa mgongoni ikibidi. Saa ijulikane, isiwe ya kuombwa. Wanandoa wengi waligombana juu ya vyombo vichafu kumbe walichokosa ni saa hiyo.

Mimi na babu yao tutashika sehemu yetu kwa simu. Kila asubuhi nitawatumia kitendawili kimoja kwa sauti, na jibu nisilipokee mpaka baada ya chakula cha jioni, wapate mchana mzima wa kulitafuta na kubishana. Wakishindwa watanipa mji, na mji huo hautarudishwa mpaka wanishinde siku nyingine. Wachore ramani ukutani waandike miji niliyoichukua. Cha kwanza ni hiki, na usiwasaidie: kuku wangu katagia mibani.

Komwe nitakufungia 70 kwenye mkebe wa majani ya chai na kuzipakia basi la Alhamisi usiku. Sita ni za akiba. Ukiupokea mkebe zihesabu kabla watoto hawajaufungua.

Mamako,
Mombasa