Kabla hujachangia shirika la wanyama, muulize mwenye punda

Ukitaka kujua kama shirika la kutetea wanyama linastahili pesa zako, usianze na picha zake za mtandaoni. Mtafute mtu ambaye mnyama wake alitibiwa na shirika hilo. Muulize alifundishwa nini, na kama wale watu wasiporudi tena, yeye mwenyewe ataweza kufanya nini. Majibu yake yatakueleza mengi kuliko ripoti ya mwaka yenye jalada la kung'aa.

Nimejitolea kwa miaka mingi na makundi ya wanyama hapa Pwani ya Kenya, makubwa yenye makao Ulaya na madogo ya vijana wachache wenye pikipiki moja. Kote huko nimekutana na watu wema. Lakini wema wa watu na ubora wa kazi yao ni mambo mawili, na mwenye kutoa mchango hana budi kuyatenganisha.

Swali ninaloulizwa kwanza, hata na ndugu zangu wa damu, ni kwa nini nihangaike na punda ilhali kuna watoto wanaolala na njaa. Ni swali la haki, wala halifai kujibiwa kwa ukali. Katika mji wa kale wa Lamu vichochoro ni vyembamba, gari halina pa kupita. Mchanga, mawe, saruji, boriti za mikoko, hata taka za mji, vyote hupanda mgongo wa punda. Punda akiugua, mwenyewe hana kazi siku hiyo, na asipokuwa na kazi jikoni kwake hakuwaki moto. Huko bara, Kitui au Kajiado, mama asiye na punda hubeba mtungi wa lita 20 mgongoni. Mwenye punda hurudi na mitungi minne kwa safari moja, na nguvu za kulima bado anazo. Kumtibu punda wa mama huyo ni kumsaidia mama huyo.

Hata hivyo sipendi utetezi wote usimame kwenye faida ya binadamu peke yake. Sisi wengine tulifundishwa madrasa tangu wadogo habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Mbwa yule hakuwa na faida yoyote kwake. Aliona kiu, akateremka kisimani, akajaza kiatu chake maji. Mimi naamini maumivu ya mnyama yana uzito wake, hata pale ambapo hakuna mtu anayepata wala kupoteza chochote.

Tukishakubaliana hapo, ndipo mjadala wa kweli unapoanza: njia ipi?

Kuna kundi moja lilimkuta muuza maji, mtu mzima, akimtumikisha punda mwenye kidonda cha mgongo kilichooza. Walikuja na askari, wakamchukua punda, wakampiga picha kila upande, wakampeleka zizini kwao. Picha zilisambaa na michango ikaingia. Baadaye nilimtafuta yule mzee. Aliniambia, "Punda wamemtwaa, mwanangu. Deni la punda wameniachia." Alikuwa ameshakopa tena na kununua punda mwingine, mchanga, ambaye kwa umri wake hakustahili kubebeshwa mzigo wowote. Na matandiko aliyomvisha yalikuwa yale yale ya mwanzo: gunia la nailoni lililokunjwa, mshono wake ukikaa juu ya uti wa mgongo pale pale palipokuwa na kidonda cha yule wa kwanza.

Nilikaa nikalitazama lile gunia kwa muda mrefu, kwa sababu ugonjwa wote ulikuwa humo. Nailoni hainyonyi jasho. Mchanga mwepesi hupenya kati yake na ngozi. Shogi, ile mifuko ya mzigo inayoning'inia kila upande wa punda, ikijazwa, mzigo huyumba huku na huku, na kila hatua inasugua. Manyoya huondoka kwanza, halafu ngozi, halafu nzi huja. Unaweza kumpaka punda huyo dawa kila wiki mpaka mwisho wa mwaka asipone, maana kila asubuhi anavikwa tena kile kinachomchuna. Tiba yake ni mito miwili minene ya pamba au ya gunia la katani, mmoja kila upande, ikiacha nafasi katikati ili uti wa mgongo usiguswe na kitu. Fundi yeyote wa magodoro anaweza kuishona. Yule mzee hakuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote kati ya wale waliomnyang'anya punda wake.

Sisemi mnyama asichukuliwe kamwe. Yupo mwenye kutesa kwa ukatili wa moyo, anayechoma, anayekata masikio, na huyo sheria imemwandalia lake. Kenya tunayo Sura ya 360 ya kuzuia ukatili kwa wanyama, na Tanzania wana Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ila wengi wa wenye punda niliowaona hawatesi kwa kupenda. Hawana matandiko mazuri, hawajui, au wanakimbizana na mkopo. Ukimfanya mtu wa namna hiyo adui, mara nyingine atamficha mnyama mgonjwa ndani ya ua mpaka afe.

Somo hili si jipya. Mwanamke Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo mwaka 1930 akakuta farasi waliotumika katika jeshi la nchi yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza wameuzwa na sasa wanavuta mikokoteni, wazee, mifupa mitupu. Alichangisha pesa kwao Uingereza na kwa miaka michache akanunua wapatao 5,000. Wengi wao walikuwa wamechoka mno, ikabidi wapewe mauti ya upole. Wapo wanaosema pesa nyingi namna ile kutumika kununua wanyama wa kufa ni hasara. Mimi siungi mkono hoja hiyo, kwani kumtoa kiumbe katika mateso ya miaka ni jambo la thamani. Ninachokiheshimu zaidi, hata hivyo, ni alichofanya mwaka 1934: alifungua hospitali Cairo. Kununua kuna mwisho, kwa sababu sokoni punda na farasi hawamaliziki. Shirika lililotokana na kazi yake, Brooke, mpaka leo linafanya kazi Afrika Mashariki pamoja na wenye punda na wataalamu wa mifugo wa huku huku.

Lamu nako tuna mfano wetu. Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha The Donkey Sanctuary huko Devon mwaka 1969, alisaidia kufungua kliniki ya punda Lamu mwaka 1987. Matibabu ni ya bure. Na hapa ndipo nilipobishana zaidi na wenzangu, maana wapo wanaoamini kwamba cha bure hulemaza, kwamba mwenye punda akizoea kutibiwa bila kulipa hataweka akiba hata ya dawa ya minyoo.

Msimamo wangu ni huu. Punda aliyekula mifuko ya plastiki, tumbo likamsokota, akajitupa chini akigaragara, hana siku tatu za kusubiri mwenyewe atafute pesa. Pale matibabu yawe bure na yawe karibu. Hata baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 2017, plastiki ya zamani ingali majalalani, na punda huachiwa jioni wajitafutie chakula humo humo. Sindano ya kukinga pepopunda nayo sioni ubaya ikiwa bure. Lakini matandiko, kupunguza kwato na dawa ya minyoo ya kila msimu, hivyo mwenye punda achangie hata kidogo, na viuzwe na fundi au duka la dawa za mifugo la mtaani. Fundi aliyelipwa leo atakuwepo kesho. Kundi linalogawa matandiko mia ya bure kutoka ng'ambo linamuua kwa njaa fundi yule ambaye ndiye angekuja kuyarekebisha yakichanika.

Kuna kazi nyingine ambayo wachangiaji wengi hawaipendi kwa sababu haina picha: kwenda bungeni, mahakamani na kwenye mikutano. Watu husema hizo ni posho na chai tu. Nawaomba watazame biashara ya ngozi za punda. Ngozi hiyo huchemshwa kutengeneza ejiao, dawa ya jadi inayouzwa China. Kuanzia mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya, yakafika manne yenye leseni. KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, iligundua kwamba punda zaidi ya 300,000 walichinjwa kati ya mwaka 2016 na 2018, kasi iliyokuwa ikipita uwezo wao wa kuzaana. Wezi waliingia maboma usiku, na asubuhi familia ikakuta mabaki tu. Bei ya punda ikapanda, mama wa maji akashindwa kununua mwingine.

Hapo kliniki ingefanya nini? Ungemtibu punda jioni, na alfajiri akawa ameshachunwa. Wenye punda waliandamana, mashirika yakawapa wanasheria, takwimu na nafasi ya kusikika. Februari 2020 waziri wa kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa amri hiyo. Watu hawakukata tamaa. Desemba 2022 nchi za Afrika zilikutana Dar es Salaam kujadili punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Hakuna dawa ya kidonda iliyowahi kuokoa punda wengi kiasi hicho. Shirika likikuambia sehemu ya mchango wako inakwenda kwa wakili, usilikimbie. Liulize tu kesi gani, na imefikia wapi.

Upande wa mbwa mabishano huwa makali zaidi, kwa sababu kichaa cha mbwa kinaua watoto wetu. Halmashauri nyingi, hofu ikipanda, hutuma watu wenye bunduki au nyama yenye sumu. Naielewa hofu ya mzazi. Lakini mbwa wakiuawa, chakula cha jalalani kinabaki, na wengine huzaliwa au huhamia mahali pao wakiwa hawana kinga. Shirika la Afya Duniani linasema ukichanja mbwa asilimia 70 wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kuenea. Kazi iliyofanywa kwa miaka mingi katika vijiji vinavyozunguka Serengeti imeonyesha kuwa chanjo ya halaiki inawezekana katika vijiji vyetu, na utafiti wa Tanzania ulithibitisha kwamba aina mojawapo ya chanjo hiyo inastahimili joto la nyuzi 25 kwa miezi sita bila kuharibika. Kijiji kisicho na umeme hakina tena kisingizio cha friji.

Kwa hiyo kundi la mbwa likikuomba mchango, waulize idadi ya mbwa wa eneo lao na wamechanja sehemu gani ya hao. Wakikujibu kwa kukuonyesha watoto wa mbwa kumi waliookotwa na kupelekwa kwa watu wa kuwafuga, wapongeze, lakini jua unachangia kitu gani. Kumi hao wamepata maisha mazuri. Mtoto wa jirani aliyeng'atwa hajapata kinga.

Juu ya picha za majeraha, nina ukali ambao rafiki zangu wananilaumu nao. Sichangii tena kundi linaloonyesha uso wa mwenye mnyama. Kidonda kionyeshwe, watu waone na wajue. Lakini kumuanika maskini wa watu mbele ya dunia, jina na kijiji, ili mtu wa mbali atoe pesa kwa kumchukia, ni udhalimu mwingine, na pesa hizo hazimfikii mwenye mnyama wala kumfunza.

Sehemu kubwa ya ninachotoa mwaka huu inakwenda kwa mafunzo ya mafundi wa matandiko, na iliyobaki kwa chanjo ya mbwa. Ukiwa huna pesa, kazi ya siku ya chanjo ipo. Nimeshiriki upande wa Ganze, kaunti ya Kilifi, na wanaoleta mbwa ni watoto: kila mmoja na kamba yake, wengine wakivutwa na mbwa badala ya wao kumvuta. Mtu mmoja anashika kitabu na kuandika kadi, mwingine anapaka rangi kichwani mwa aliyechanjwa asirudiwe, wa tatu anawapanga watoto mbali mbali ili mbwa wasipigane. Kama kundi lenu linapanga siku hiyo, waambieni iwe Jumamosi. Siku ya shule watoto hawapo, na baba hataacha shamba kumleta mbwa.