Muulize Anko: Baa imependeza, mbona hainogi?

SWALI: Anko shikamoo. Baa ya mtaani kwetu ilifungwa miezi mitatu kwa ukarabati, juzi ikafunguliwa tukaenda mimi na jamaa zangu watatu. Kusema ukweli imependeza, sakafu marumaru inang'aa mpaka unajiona, ukuta mmoja wote kioo, kaunta ndefu hiyo, mataa kibao. Ila tulikaa lisaa limoja tu kila mtu akaanza kusingizia usingizi. Kuongea na mtu niliyegusana naye bega mpaka nipige kelele, asubuhi nimeamka sauti imekauka. Alafu bia ya bomba ina kaladha fulani hivi sikaelewi wakati bia ni ile ile ya siku zote. Na kona yetu ya dirishani wameweka meza ndefu za kusimama! Mke wangu anasema nimezeeka tu. Ni kweli?
Mkaa Kona

JIBU: Marahaba. Hujazeeka, au tuseme umezeeka lakini siyo uzee uliokutoa baa baada ya lisaa limoja.

Tuanze na kelele maana ndo imewafukuza. Ile baa ya zamani nina uhakika ilikuwa na mapazia mazito yenye vumbi, viti vya sponji vilivyobonyea, labda na zulia limechoka, na hayo mnayoyaona uchakavu ndo yalikuwa yanameza sauti. Marumaru, kioo na chuma havimezi kitu, sauti inagonga inarudi, ya meza yenu inakutana na ya meza ya jirani inakuwa uji. Alafu binadamu akizungukwa na kelele anapandisha sauti mwenyewe bila kujua, kuna daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza hili mwaka 1911 mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo nyie mnapandisha, wale wa pembeni wanapandisha, mwenye baa akiona muziki hausikiki anaongeza spika, mnapandisha tena. Ukitaka kuhakikisha nenda mapema baa ikiwa tupu upige kofi moja tu usikilize, kama kofi linaacha mkia, yaani linaendelea kulia kidogo baada ya mikono kutulia, basi mchawi umempata.

Na dawa yake wala siyo kuvunja tena. Mapazia yarudi, vibao vya kufyonza sauti viwekwe darini, hata sponji nene ikigundishwa chini ya meza inasaidia na mteja haioni. Mwambieni mwenye baa, ila msimwambie mbele ya wateja, mtu katoka kumaliza hela zake zote hapo ana kidonda bado kibichi.

Kuhusu bia, fanya hivi. Agiza bia ile ile ya chupa uionje sambamba na ya bomba. Kama ya chupa iko sawa, tatizo liko njiani, kati ya pipa na glasi yako. Mirija mipya ya plastiki inaweza kutoa ladha yake mwanzoni isipooshwa vizuri, na hata ikizoea inatakiwa ipitishiwe dawa kila baada ya wiki mbili hivi, la sivyo inaota utando ndani na bia inaanza kuchachuka. Au ni glasi. Itazame ukishamiminiwa, ukiona vipovu vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi chini kule kwenye bia basi ina mafuta au sabuni, wamenunua mashine mpya ya kuoshea na hawajaijulia. Glasi safi kila ukipiga funda povu linaacha pete, unaweza kuhesabu umekunywa mara ngapi (mimi huwa sihesabu). Kama na ya chupa nayo inanuka vibaya, angalia ni chupa gani, za kijani na nyeupe zikikaa kwenye mwanga mkali bia inaharibika harufu, ya kahawia inavumilia zaidi.

Sasa kona. Hapo mimi niko upande wako kabisa. Meza za kusimama zinaingiza watu wengi sehemu ndogo na mtu aliyesimama hakai sana, hesabu ya mwenye baa naielewa. Lakini wale wa kusimama wanakuja wikiendi, Jumanne ile imepooza mhudumu anafuta kaunta mara ya nne ni nani anakuwepo? Ni nyie wanne. Muombeni meza moja tu ya kukaa pale dirishani, na nendeni hizo siku za katikati ya wiki, hata kelele hamtaikuta.

SWALI: Anko mimi nina baa ndogo, nimepaka rangi na vanishi wiki iliyopita, nafungua Ijumaa lakini harufu bado. Nichome ubani?
Mwenye Haraka

JIBU: Usichome chochote, utakuwa na harufu mbili. Ile harufu ni kemikali zinazotoka kwenye rangi ikiendelea kukauka, zinataka hewa tu. Fungua milango na madirisha yote, weka feni moja inayosukuma hewa nje, na vanishi ndo inachelewa kuliko rangi ya ukuta. Kama Alhamisi ukiingia bado macho yanawasha, ahirisha ufungue wiki inayofuata.