Kuvuna ngano kwa mashine ya zamani ya miganda: yaangalie haya kabla ya kuingia shambani

Mashine ya miganda hukata ngano na kuifunga kwa kamba katika mafungu, yaani miganda. Wengi wanaoanza kazi hii hutumia miezi kukwangua kutu na kupaka rangi, kisha siku ya mavuno miganda inaanguka ikiwa imefumuka. Mashine ikishasimama vizuri na kung'aa, kazi iliyobaki iko mahali padogo, ukubwa wa kiganja tu: kipiga fundo, kifaa kinachofunga kamba ya mganda. Hapo tutakaa kidogo. Lakini kwanza ngano yenyewe.

Kombaini, mashine inayokata na kupura kwa pamoja, husubiri punje ikauke kabisa. Mashine ya miganda haiwezi kusubiri hivyo, kwa sababu ngano iliyokauka mno hupukutika kila inapoguswa: mbao zinazozunguka zikiiinamisha, turubai ikiipandisha, mikono ikiutupa mganda. Kata punje ikiwa ngumu kiasi kwamba ukiibonyeza kwa kucha alama inabaki na maziwa hayatoki. Bua chini ya suke liwe limegeuka manjano, hata kama vifundo vyake bado vina ukijani. Kwa kawaida hiyo ni siku 7 hadi 10 kabla ya wakati wa kombaini. Punje zitamalizia kukauka ndani ya miganda.

Kisu kina meno ya pembetatu yaliyopigwa ribiti kwenye upau, yanayokwenda na kurudi ndani ya vidole vya chuma. Kisu kinapofika mwisho wa mwendo wake, kila upande, ncha ya kila jino isimame katikati ya kidole. Ikipita au ikipungukiwa, rekebisha urefu wa fimbo inayokisukuma. Kisha fungua fimbo hiyo na ukivute kisu kwa mkono: kiteleze bila kukwama, na bila kuchezacheza juu na chini. Ukiona mabua yanang'olewa na mizizi yake, au yanalala kati ya vidole bila kukatika, jino ni butu au kidole kimepinda. Usilazimishe mwendo.

Jambo moja la usalama hapa hapa: mashine hizi nyingi hupata nguvu kutoka gurudumu lake kuu linalokanyaga ardhi. Trekta ikisogea hatua moja tu, kisu nacho kinakwenda. Zima trekta na ondoa gia ya mashine kabla mkono haujakaribia kisu.

Turubai zinazobeba ngano zikazwe asubuhi na zilegezwe jioni, kila siku. Umande ukiingia, kitambaa hunywea. Kikiwa kimekazwa usiku kucha, kitavunja vipande vya mbao vilivyopigwa juu yake au kung'oa mikanda yake. Vipande hivyo viwe sambamba na rola. Turubai ikienda upande, pima pembe za fremu kwanza kabla ya kuilaumu turubai.

Sasa kipiga fundo. Mashine za kwanza za kufunga zilitumia waya, na vipande vyake viliingia kwenye malisho ya mifugo. Miaka ya 1870, John Appleby wa Marekani alitengeneza kifaa cha kufunga kwa kamba, na mfumo wake ndio unaoonekana kwenye mashine nyingi zilizofuata. Ncha ya kamba ya katani inashikwa na sahani. Mganda ukishajaa unasukuma kifyatulio, sindano inapanda ikiizungusha kamba, na kuiweka juu ya mdomo mdogo wa chuma unaofanana na wa ndege. Mdomo unazunguka mara moja, taya yake inazibana nyuzi zote mbili, kisu kidogo kinakata, na mikono inayotupa mganda inalivua fundo kutoka mdomoni.

Mwenye kukarabati mashine mara nyingi huupaka mdomo huu rangi pamoja na vingine. Itoe yote. Mdomo uwe laini kama kijiko, usuguliwe kwa msasa mwembamba sana kisha upakwe oili. Kutu kidogo tu huzuia fundo lisivuliwe.

Kabla ya kwenda shambani, inua gurudumu kuu kwa jeki, pitisha kamba, shika fungu la mabua, fyatua kwa mkono na uzungushe polepole. Tazama kila kiungo kinavyopokezana. Rudia mpaka upate mafundo 20 mfululizo.

Fundo likikosa, usiguse skrubu yoyote kabla hujaokota kamba iliyokosa na kuisoma. Ncha moja ina fundo na nyingine haina? Sahani imeachia: kuna uchafu, au springi yake imelegea. Ncha zote mbili hazina fundo? Taya haikubana. Fundo limefungwa lakini kamba imekatikia mdomoni? Springi ya taya imekaza mno au mdomo una kutu. Ncha zimechanikachanika? Noa kisu kidogo. Geuza skrubu moja tu kwa wakati mmoja, robo mzunguko, kisha ujaribu tena. Ukigusa tatu pamoja utapotea.

Kosa jingine la kila msimu ni kukaza breki ya kamba ili miganda iwe imara. Breki ina kazi ya kuzuia kamba isilegee tu. Ikikazwa sana huivuta kamba kutoka kwenye sahani. Ubanaji wa mganda hutoka kwenye springi ya kifyatulio.

Simamisha miganda 8 hadi 12 pamoja, masuke juu, ikiegemeana, upepo upite katikati. Iache wiki moja au mbili mpaka bua livunjike kwa mlio.

Kupura hufanywa kwa mashine nyingine, ya kupura; hesabu mwendo wa ngoma yake, inayozipiga punje zitoke kwenye masuke, kabla ya kufunga mkanda wa trekta. Puli ya trekta yenye kipenyo cha sentimita 21 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, na puli ya ngoma ikiwa sentimita 20, ngoma itazunguka mara 1,050, na hiyo inafaa ngano kwenye mashine nyingi za ngoma ya sentimita 56 hivi. Isawazishe mashine ya kupura kwa pima maji, la sivyo punje zitarundikana upande mmoja wa chekeche. Punje zikivunjika, punguza mwendo au panua nafasi kati ya ngoma na kikapu chake, yaani wavu wa chuma uliopinda kuizunguka. Masuke yakitoka na punje, fanya kinyume, ila kwanza hakikisha miganda si mibichi. Punje zikiruka na makapi, upepo umezidi.

Beringi za metali laini ziguse kila baada ya saa moja, mashine ikiwa imesimama. Ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, oili haifiki.

Msimu ukiisha, toa kisu na ukipake grisi, mdomo wa fundo upake oili nzito, na turubai uzitundike juu mahali pakavu ambapo panya hawafiki.