Bei ya kwenye tangazo: je, inamfunga mwenye duka?

SWALI: Duka moja la Mwanga, Kigoma, lilirusha tangazo WhatsApp: "Friza lita 200, sh 480,000 badala ya 650,000, mwisho Jumapili." Nimefika Ijumaa kutoka Kasulu na hela yote, naambiwa bei hiyo imeshaondolewa. Naweza kumlazimisha aniuzie?

JIBU: Kwa sheria ya mikataba, hapana. Tangazo la namna hiyo ni mwaliko tu. Wewe ndiye unayetoa pendekezo pale kaunta unaposema "naichukua kwa 480,000", na mkataba unazaliwa muuzaji akikubali. Ingekuwa vinginevyo, mwenye friza tano angedaiwa na kila aliyesoma ujumbe ule. Hata "mwisho Jumapili" haimfungi, kwa kuwa hukumlipa chochote ili aishikilie bei mpaka siku hiyo.

Tangazo hufunga likiwa ahadi kamili: linasema nani, afanye nini, atapata nini. "Watu kumi wa kwanza Jumamosi saa mbili asubuhi watauziwa friza hii kwa 480,000" ni habari nyingine kabisa. Ukiwa wa nne kwenye foleni na hela mkononi, umeshatimiza sharti, na kifungu cha 8 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinahesabu kutimiza sharti kuwa ni kukubali. Kesi maarufu ni ya Uingereza, Carlill, ya 1893: kampuni ilitangaza pauni 100 kwa atakayetumia dawa yake kama ilivyoelekezwa kisha akaugua mafua, ikaweka pauni 1,000 benki kuonyesha haitanii. Ilidaiwa, ikalipa.

Lakini usiondoke hivi hivi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza matangazo ya kupotosha, pamoja na kunadi bei ya chini ili kuvuta watu wakati muuzaji hana nia ya kuuza kwa bei hiyo. Hifadhi picha ya tangazo ikionyesha tarehe na namba iliyolituma, omba jibu la muuzaji kwa maandishi, kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Safari nyingine, kabla ya kupanda gari, mwandikie muuzaji: aina ya friza, lita, bei, siku ya kuichukua. Akijibu "sawa, nimekubali", hapo mna mkataba. Tuma na malipo ya awali, udai risiti. Kutuma hela kabla hajajibu hakumfungi, anaweza kukurudishia.