Nahodha anang'oa nanga kusi limechafuka: nikikataa, imani yangu ni haba?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni baharia hapa Tanga, kwenye jahazi la mashine linalopeleka saruji na mbao Wete, Pemba. Kusi likichachamaa, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, lakini nahodha huondoka vilevile, tena shehena imejaa mpaka maji yanalamba ubavu. Ukisita unaambiwa, "Kama siku yako haijafika, unaogopa nini?" Nina mke na watoto. Nikikataa, nimekosa tawakali, yaani kumtegemea Mungu? Nikizama, ni shahidi au nimejiua? Na sala naiswali vipi, nami niko kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, nafua maji yaliyoingia?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah, ndugu yetu. Kazi yako ni ya halali na ina heshima yake. Katika Suratul Kahf, aya ya 79, safina aliyoitoboa Khidhri, yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa, ilikuwa ya "masikini wafanyao kazi baharini", na aliitoboa ili isiporwe na mfalme dhalimu. Bahari ina hatari zake za kila siku, na kwa hizo hakuna aliyekuharamishia.

Unaloeleza wewe ni jingine. Wanachuoni wa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi mwambao huu, wameizungumzia bahari hata kwenye Hija: asiye na njia ila ya bahari humlazimu kupanda chombo ikiwa kusalimika ndiko kunakotarajiwa zaidi. La kama kuangamia ndiko kunakohofiwa zaidi, Hija haimlazimu. Nguzo ya dini inangojea bahari itulie, seuze mifuko ya saruji!

Nahodha anasema kweli kwamba siku imeandikwa, ila anaitumia kweli hiyo kufunika uzembe. Mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake: amfunge na kutawakali, au amwache na kutawakali? Akaambiwa, "Mfunge, kisha tawakali." Chomboni, kumfunga ngamia ni kushusha shehena iliyozidi, kuziba nyufa kwa kalafati kabla ya kuondoka, kila mtu kuwa na jaketi okozi, na kusikiliza utabiri. Nahodha huyohuyo usiku hutia komeo mlangoni kwake. Mbona nyumbani hamwachii Mungu peke yake?

Na si mambo ya kuhadithiwa. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikienda Pemba, imepakia kupita kiasi. Julai 2012, bahari imechafuka, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Pwani nzima ilikaa matanga.

Kwa hiyo ukikataa safari ya namna hiyo huna dhambi wala imani yako si haba. Mwenyezi Mungu amesema, "Wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (Al-Baqara, 195), na hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Ujira wa safari ulizokwishafanya ni haki yako. Lakini usikatae peke yako. Akikataa mmoja hutafutwa mwingine gatini, wakikataa mabaharia wote jahazi halitoki. TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, nao kazi yao ni kusimamia usalama wa vyombo, waendeeni.

Kuhusu kufa maji, hadithi sahihi imemtaja aliyezama miongoni mwa mashahidi. Ni shahidi wa Akhera, yaani kwa malipo yake huko, lakini hapa duniani hufanyiwa kama maiti wengine: huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa. Ila wapo wanachuoni waliomtoa katika fadhila hiyo anayeondosha chombo wakati ambao vyombo haviendi. Aliyeburutwa na njaa ya watoto hawezi kuwa sawa na mwenye amri, na nahodha na tajiri wa chombo ndio nawachelea zaidi.

Sala ya faradhi utaswali kwa kusimama. Ukichelea kuanguka, keti. Mkielekea Wete, kibla kiko ubavu wa kushoto, na chombo kikigeuka nawe geuka. Jahazi likiwa linajaa maji, fua kwanza, roho za watu zinatangulia; wakati ukitaka kukutoka, swali kwa ishara kadiri uwezavyo. Kupunguza sala, yaani kuswali rakaa mbili badala ya nne safarini, ndiko wengi wanakokosea: Tanga hadi Wete hapafiki kilomita 80, hapatimizi masafa ya kupunguza, basi kwa madhehebu yetu unaswali kamili. Mkipakia kwenda Unguja mjini, ni zaidi ya kilomita 100, huko punguza.

Wallahu aalam.