Popoo saba na kidole cha mguu

Swali lenu la wiki hii ni desturi gani ya harusi ya watu wengine tulikuwa tunaiona tu bila kuielewa, na tulipoelezwa maana yake ikawaje. Mie jibu langu ni popoo 7, zile kokwa zinazotafunwa na tambuu.

Kazi yangu kupaka hina, niko hapa Mombasa, na mabibi harusi wa Kihindi nimewapaka wengi sana hasa hawa Wagujarati. Lakini zamani nilikuwa napaka, napewa changu, naondoka, harusi yenyewe siioni, kwa hiyo kichwani nilikuwa na yaleyale ya mtaani tu, ati Wahindi wanauabudu moto, wanauzunguka mara 7 basi kwisha.

Sasa kuna bibi harusi mmoja nilimpaka kutoka alasiri mpaka usiku, mikono yote mpaka viwikoni na miguu, na ndani ya maua nikalificha jina la bwana harusi, herufi moja huku nyingine kule, kwa sababu desturi yao ni mume alitafute mwenyewe, yaani hata kama bado wanaoneana haya ashapata sababu ya kumshika mkono mkewe na kuutazama vizuri. Hina ilipokauka akaja nyanya yake, wenyewe humwita Ba, akanisaidia kuipaka ndimu na sukari, halafu akaweka karafuu kwenye kikaango, ule moshi ukatoka na binti akaiweka mikono juu yake ili rangi ikolee. Ba ni mzaliwa wa hapahapa na Kiswahili chake ni cha Mombasa kabisa. Akaniambia, "Mwanangu, kila mara wapaka halafu wakimbia. Kesho njoo ukae na mimi." Nikaenda.

Akaniketisha karibu na mandap, kile kibanda cha maua wanachooana ndani yake, akaniambia zile nguzo 4 ni wazazi wanne, wawili wa bibi harusi na wawili wa mume. Mama wa binti akamfinya bwana harusi pua mlangoni watu wakacheka, maana yake aingie kwa unyenyekevu, ameijia mali ya watu. Lakini kilichonigusa ni ile sari nyeupe yenye pindo jekundu, panetar, ambayo hutoka kwa mjomba wa bibi harusi, na mjomba ndiye aliyemleta binti pale mandap. Na mjomba kwa Kigujarati anaitwa "mama"! Nikamwambia Ba, basi hata sisi mjomba ana lake kwenye harusi, akanipiga kofi la goti, "Sasa umeanza kuona."

Ikaja kanyadaan, baba kumkabidhi binti. Baba alilia, na mie nililia. Ila nitasema ninachokiamini, siku hizi wako mabinti wanaoomba kipande hiki kiachwe maana mtu si kitu cha kutolewa, na mie niko nao, hata kama machozi ya yule baba yalikuwa ya kweli.

Halafu moto. Ba akanieleza pole pole, moto pale ni shahidi, wenyewe huuita Agni, unamwagiwa samli na kila neno linalosemwa linasemwa mbele yake. Na hao Wagujarati wanazunguka mara 4 sio 7 kama kwenye filamu, mzunguko mmoja wa wajibu, mmoja wa mali, mmoja wa mapenzi, mmoja wa kuokoka kwa roho. Kila mzunguko kaka wa binti anamtilia shayiri na ufuta mikononi autie motoni, maana yake umeolewa lakini kaka bado unaye.

Nikadhani imekwisha. Ba akanishika mkono, "Bado, hajaolewa huyo." Chini walikuwa wamepanga vifungu 7 vya mchele na juu ya kila kimoja popoo, na kila popoo ni hatua moja. Binti anaigusa kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, bwana harusi kamshika, huku maneno yanasomwa. Na miguu ile niliipaka mimi usiku wake, kwa hiyo macho yangu hayakutoka pale. Ya kwanza chakula, ya pili nguvu, ya tatu mali, ya nne furaha, ya tano watoto, ya sita majira yote ya mwaka waishi pamoja. Ya 7, Ba akaninong'oneza, "Hapa bwana harusi anamwambia, kwa hatua hizi saba kuwa rafiki yangu." Rafiki! Sio bwana, sio mtumishi, na limewekwa la mwisho kabisa baada ya mali na watoto. Kile kidole kilitetemeka kidogo juu ya popoo, kikagusa, ukumbi mzima ukapiga makofi.

Na sio maneno ya Ba tu, sheria ya ndoa za Kihindu ya India ya 1955 nayo inasema pale hatua hizo zinapofanywa, ndoa inakamilika hatua ya 7 ikishapigwa. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya India ikakumbusha kwamba ndoa ya Kihindu sio ngoma na kula na kunywa, na cheti bila zile ibada hakitoshi. Nilifurahi sana niliposikia, maana harusi nyingi nazoenda, zetu na zao, watu wako bize na kamera mpaka hawasikii kinachosemwa.

Jioni binti alipoaga akatupa mchele nyuma juu ya kichwa chake bila kugeuka, baraka zibaki nyumbani kwao, na mama yake akaukinga kwa pindo la sari. Punje kadhaa zikaniangukia mie. Ba akasema usizipanguse, nikazifunga kwenye pembe ya leso nikaja nazo nyumbani.